Dhamira si Nia ya Mtunzi: Juu ya Istilahi Tunazofasiria Mashairi na Nyimbo

Neno istilahi tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotuletea suluhu na maslahi. Kwa asili yake, basi, istilahi ni mapatano: watu wa fani moja hukubaliana kwamba neno fulani, kwao, lina maana hii na si ile. Pale ambapo mapatano hayo hayapo, neno huendelea kutumika, lakini kila mtumiaji huwa amebeba maana yake mfukoni, na mabishano yanapozuka watu hudhani kwamba wanabishana juu ya shairi, kumbe wanabishana juu ya neno.

Hali hiyo ndiyo iliyomo katika uhakiki wa mashairi na nyimbo zetu. Mwalimu huwauliza wanafunzi dhamira ya shairi. Mmoja hujibu "umaskini", wa pili hujibu "mtunzi anataka serikali iwasaidie maskini", wa tatu hujibu "tufanye kazi kwa bidii". Majibu haya matatu si majibu tofauti ya swali moja. Ni majibu ya maswali matatu yaliyofichwa ndani ya neno moja. La kwanza limetaja jambo linalozungumzwa. La pili limekisia yaliyomo moyoni mwa mtunzi. La tatu limetoa wasia. Mwalimu asiye na istilahi zilizotenganishwa hawezi kumwambia mwanafunzi amekosea wapi. Atampa alama au atamnyima, basi.

Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi mvutano huu ulivyozaliwa, na kuujaribu juu ya ubeti mmoja. Kisha itapendekeza mapatano ambayo walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wanaweza kuyatumia.

Asili ya maneno na mwelekeo wake

Istilahi za uhakiki wa fasihi ya Kiswahili zilishika mizizi hasa katika miaka ya 1970, wakati fasihi ya Kiswahili ilipokuwa ikijengewa msingi kama somo la chuo kikuu na la shule za sekondari. Farouk Topan alihariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili mwaka 1971, T. S. Y. Sengo na S. D. Kiango wakatoa Hisi Zetu mwaka 1973, F. E. M. K. Senkoro akafuata na Fasihi mwaka 1982 na Ushairi: Nadharia na Tahakiki mwaka 1988. Katika kipindi hicho ulizoeleka mgawanyo ambao kila mwalimu anaujua: kazi ya fasihi ina fani na ina maudhui. Chini ya fani tunaweka muundo, mtindo, matumizi ya lugha na mengineyo. Chini ya maudhui tunaweka dhamira, ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa. Mgawanyo huo ulifanya kazi kubwa. Uliwapa walimu wengi, ambao wenyewe hawakuwa wamefundishwa uhakiki kwa Kiswahili, njia ya kuanzia.

Hata hivyo, maneno yaliyochaguliwa hayakuja mikono mitupu. Kila neno lilikuja na historia yake. Maudhui asili yake ni kile kilichowekwa, yaani jambo lililowekwa mbele ili lizungumzwe. Mada ni kitu chenyewe, mali ghafi ya mazungumzo. Ujumbe tumeuunda kutokana na mjumbe, na kwa hiyo unadai pande mbili: atumaye na apokeaye. Dhamira, kwa upande wake, inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kilichofichika moyoni. Katika Kiswahili cha kila siku tulikuwa tayari tunalo kwa maana ya nia na kusudio la moyo: mtu "amedhamiria" kusafiri, mtu "ana dhamira njema".

Hapo ndipo palipo na tatizo. Neno lenye maana ya nia lilipopewa kazi ya kutaja wazo la shairi, lilimvuta msomaji, bila yeye kujua, kutoka katika maneno ya shairi kwenda katika moyo wa mtunzi. "Dhamira ya shairi" ikawa "dhamira ya mshairi". "Dhamira ya mshairi" ikawa "alichokusudia mshairi". Na mara tukawa hatusomi tena, bali tunapiga ramli. Lawama si ya walioteua neno, maana neno lenyewe ni zuri na limekwisha kubalika. Lakini neno likiachwa bila fasili yenye mipaka, maana yake ya zamani hurudi nyumbani na kukalia kiti.

Ubeti wa kujaribia

Ili tusibishane hewani, tuchukue ubeti mmoja. Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya kazi hii, ili pasiwe na sifa ya mshairi mashuhuri ya kutushawishi. Tuuchukulie kana kwamba umeokotwa, hauna jina la mtunzi wala tarehe:

Nimesimama Mnyuzi, njia mbili zaachana,
Ya kwanza yataka kazi, ya pili yamwita mwana,
Mkono wangu u wazi, nauli sijaiona,
Gari halina ajizi, likipita limenena.

Mnyuzi ni kituo cha reli katika wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga. Reli ya kutoka Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Korogwe mwaka 1902, halafu ikaendelea hadi Moshi na hatimaye Arusha. Mwaka 1963 ilikamilishwa njia ya kilomita 188 kutoka Ruvu, kwenye Reli ya Kati, hadi Mnyuzi, ikipita katika nchi ya Handeni. Tangu hapo Mnyuzi pakawa njia panda: atokaye upande wa Moshi anaweza kushika njia ya Tanga au ya Dar es Salaam. Pande zote zinazozunguka kituo ni nchi ya mkonge, zao lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Zao hilo ndilo lililowaleta watu wa makabila mengi katika mashamba ya Tanga, wakiwamo wale walioitwa manamba.

Sasa tuwape ubeti huu wasomaji wanne.

Wa kwanza anasema ni shairi la mapenzi. Anashika neno "zaachana", ambalo ni la njia lakini pia ni la mume na mke; anashika "mwana", ambalo katika ushairi wa pwani lilikuwa pia neno la heshima kwa mwanamke; na anahitimisha kwamba mtu ameachwa, na gari limemchukua mpenzi wake.

Wa pili anasema ni shairi la mfanyakazi. Njia moja yataka kazi, nyingine yamwita mwana aliyeachwa nyumbani. Mkono u wazi maana yake hauna kitu: mshahara umekwisha, nauli haipo. Dhamira, kwake, ni unyonge wa mtu anayeishi kwa kibarua.

Wa tatu anashika kituo cha ubeti. Ajizi ni nyumba ya njaa, wasema wahenga. Gari halina ajizi, mtu ndiye mwenye ajizi. Kwa hiyo shairi linahimiza uamuzi: asiyechagua njia huchaguliwa.

Wa nne ni mtumishi wa ofisi. Anaona shirika la reli linalaumiwa kwa nauli kubwa, na anauliza kama shairi hili linafaa kusomwa redioni.

Tukiwauliza wanne hawa dhamira ni nini, kila mmoja atajibu kwa moyo mkunjufu, na kila mmoja atasema: "Ndivyo alivyokusudia mtunzi." Mtunzi aliyekusudiwa hayupo. Neno dhamira, kwa maana ya nia, haliwezi kutuamulia chochote hapa.

Pale ambapo nia inajulikana, na pale ambapo haisaidii

Wako watakaosema kwamba ubeti wa kuokotwa ni mfano wa kuchagua, na kwamba mashairi mengi yana watunzi wanaojulikana. Hoja hiyo ina uzito. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi?, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Msomaji anayelijua hilo akikutana na shairi lake liitwalo "Mamba" hawezi kulisoma kama somo la elimu ya viumbe. Wahakiki wengi wamemwona mamba huyo kuwa ni mtawala, na maisha ya mtunzi yanaunga mkono usomaji huo. Kadhalika, mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yangekuwa mafumbo matupu kwetu katika sehemu nyingi kama si juhudi za walioyakusanya pamoja na habari za matukio yaliyoyazaa. Kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz cha mwaka 1979 kimetufaa sana kwa sababu hiyo.

Lakini tuangalie kwa makini kilichotusaidia katika mifano hiyo miwili. Hakikuwa nia ya mtunzi iliyosomwa moyoni mwake. Kilikuwa ushahidi wa nje: kifungo, mwaka, mji, vita, mtawala. Huo una jina lake, nao ni muktadha. Nia ya mtunzi nayo inaweza kujulikana, ikiwa ameiandika katika utangulizi, barua au mahojiano. Na hapo ni ushahidi mmojawapo miongoni mwa ushahidi mwingine. Si hukumu ya mwisho, kwa maana mtunzi anaweza kukusudia jambo na maneno yake yakafanya jingine.

Nyimbo zinalidhihirisha hilo kuliko mashairi ya vitabuni. Katika taarabu, iwe ya Unguja au ya vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star, mtunzi huandika maneno, mwimbaji huyatia sauti, na msikilizaji huinuka kwenye ubeti anaoutaka akaenda kutunza. Kule kuinuka kwake kwenye ubeti huo, na si ule uliotangulia, huku akimtazama fulani aliyeketi upande wa pili wa ukumbi, ni fasiri kamili. Ukumbi mzima huelewa kwamba fumbo limepata mwenyewe. Mtunzi pengine yuko nyumbani kwake amelala, wala hamjui huyo fulani. Je, maana iliyopatikana ukumbini ni ya uongo? La hasha. Ila si dhamira ya wimbo; ni ujumbe ambao mtu mmoja ameutuma kwa mwingine akitumia wimbo kama mjumbe. Wasikilizaji wa taarabu wanaijua tofauti hiyo kwa mazoea. Sisi wenye kalamu ndio tuliochanganya.

Mipaka ya uhuru wa msomaji

Tukisema kwamba nia ya mtunzi si hukumu, isije ikadhaniwa kwamba tumefungua mlango kila mtu aingie na maana aipendayo. Mlango huo una walinzi watatu.

Wa kwanza ni maneno yenyewe. Msomaji wa kwanza wa ubeti wetu alisema gari limemchukua mpenzi. Ubeti hausemi hivyo. Unasema njia ya pili "yamwita mwana". Anayeitwa bado hajaondoka, na msemaji ndiye aliyesimama. Neno "zaachana" linaruhusu harufu ya talaka, lakini harufu si chakula.

Mlinzi wa pili ni ubeti mzima. Fasiri inayoeleza mshororo mmoja na kuiacha mitatu ikining'inia haijatosha. Msomaji wa nne, yule wa ofisi, alishika nusu mshororo, "nauli sijaiona", akaifanya kesi. Mishororo mingine hakuihitaji kabisa. Dalili ya fasiri mbaya ndiyo hiyo: shairi lingeweza kukatwa robo tatu, na fasiri isiharibike.

Wa tatu ni muktadha. Hapo hata msomaji wa pili, ambaye fasiri yake ni nzuri, yampasa ajihadhari. Akienda mbali zaidi akasema kwamba huyu ni manamba wa enzi za Wajerumani aliyetoka mbali kwa mkataba, ubeti wenyewe utamkanusha. Njia mbili hazikuachana Mnyuzi kabla ya mwaka 1963. Msemaji wa shairi hili hawezi kuwa amesimama hapo wakati wa Mjerumani wala wa Mwingereza. Anaweza kuwa mjukuu wa manamba. Manamba mwenyewe katika siku zake za mkataba wa kikoloni, hapana. Jambo dogo la reli limeokoa uhakiki kutoka katika kosa la miaka hamsini na zaidi.

Tena muktadha hubadilika, na ubeti hubadilika nao. Katika miaka ya baada ya Uhuru, treni ya abiria ikipita, mshororo wa mwisho ni sifa ya chombo kisichosubiri mtu. Baadaye treni ya abiria ilikosekana katika njia hiyo kwa zaidi ya miaka 20, hadi ilipoanza tena kati ya Dar es Salaam na Moshi Desemba 2019. Mtu aliyeusoma ubeti huu mwaka 2005, akiwa katika kituo kisicho na abiria, angesikia kinaya: gari halina ajizi, kwa sababu gari lenyewe halipo. Maneno ni yale yale, mizani ni ile ile. Kilichogeuka ni ulimwengu unaoyazunguka. Mhakiki mwaminifu husema anasoma akiwa wapi na lini.

Kwa walinzi hao watatu, wasomaji wa pili na wa tatu wanabaki, nao hawagombani. Shairi linazungumzia mtu aliyevutwa na kazi na nyumbani kwa wakati mmoja. Na wazo linalojengwa na mishororo yote minne ni kwamba umaskini humnyima mtu hata nafasi ya kuchagua, kwa kuwa wakati huamua kabla hajapata nauli. Msomaji wa tatu alisema "asiyechagua huchaguliwa". Wa pili alisema "mkono hauna kitu". Tukiziweka kauli hizo pamoja tunaona kwamba msemaji wetu hana ajizi hata kidogo. Hana nauli tu. Hapo methali ya ajizi inageuzwa na shairi: ajizi anayolaumiwa maskini mara nyingi si ajizi. Hilo ndilo ningeliita dhamira.

Gharama ya kuchanganya

Mtu anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya darasani. Lakini maana ya wimbo huamuliwa ofisini pia, na uamuzi huo huwa na matokeo.

Mwaka 1990 Remmy Ongala, akiwa na bendi yake ya Super Matimila, alitoa wimbo "Mambo kwa Soksi". Ulikuwa wakati wa UKIMWI, ugonjwa ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Soksi katika wimbo huo ni kondomu. Jina la kifaa lilikuwa zito midomoni mwa watu, na msanii akaazima vazi la mguuni ili aweze kulisema hadharani lisilosemeka. Radio Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa redio pekee Tanzania Bara, haikukubali kuupiga. Tuuchambue kwa istilahi zilizotenganishwa. Mada ya wimbo ni zinaa. Dhamira yake ni kwamba kinga ni hekima katika wakati wa ugonjwa. Ujumbe kwa kijana aliyeusikia ni kwamba ajilinde. Anayehukumu kwa mada peke yake atasikia matusi. Anayefika kwenye dhamira atasikia onyo la daktari. Tofauti kati ya istilahi mbili hapa ilikuwa tofauti kati ya taarifa ya afya kuwafikia watu na kutowafikia.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Mara baada ya hapo Waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe, tena akashauri uongezwe mambo mengine ya kukemewa. Katika siku chache wimbo mmoja ulisomwa na mamlaka za nchi moja kwa njia mbili zilizo kinyume: kwanza kama kosa, kisha kama mchango. Hatuna haja ya kuamua hapa nani alisoma vizuri. Linalotuhusu ni kwamba usomaji wa wimbo haukuwa na utaratibu unaoweza kuandikwa na kupingwa kwa hoja. Afisa akiandika katika jalada "dhamira ya wimbo ni kuchochea", haijulikani amesema nini: kwamba wimbo unataja mambo ya hatari, kwamba maneno yake yanahimiza uvunjaji wa sheria, au kwamba msanii ana moyo mbaya? La kwanza si kosa. La pili lazima lionyeshwe kwa maneno ya wimbo. La tatu haliwezi kuthibitishwa kwa wimbo hata kidogo. Mtu hapaswi kulala mahabusu kwa sababu ya neno ambalo halijapewa fasili.

Neno kwa wafasiri

Mfasiri ndiye msomaji anayebanwa kuliko wote, kwa sababu lugha anayoipeleka kazi haimruhusu kunyamaza. Katika ubeti wetu "mkono wangu u wazi" una maana tatu: mkono mtupu, mkono ulionyooshwa kuomba, na mkono wa mtu mkarimu asiyefumba. Lugha nyingi zitamlazimisha achague mojawapo. "Mwana" nalo litamuuliza kama ni mtoto wa kiume, wa kike, au bibi wa heshima; na lugha zenye jinsia katika sarufi hazitampa nafasi ya kukwepa. Mfasiri anayetafuta nia ya mtunzi atakwama, maana mtunzi pengine alizitaka maana zote. Mfasiri anayetafuta dhamira, kwa maana tuliyoieleza, ana kipimo: achague neno ambalo litaacha wazo la shairi zima likiwa hai. Hapa mkono mtupu ni lazima, kwa sababu nauli inafuata. Mkono wa kuomba ukiweza kubaki kama kivuli, vema. Mkono wa ukarimu unaweza kuachwa bila hasara kubwa. Hilo si jambo la kuona haya. Mfasiri anayejua alichoacha ni bora kuliko asiyejua kama ameacha kitu.

Mapatano yanayopendekezwa

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba istilahi zilizozoeleka zisitupwe, maana kutupa neno lililokwisha kaa vinywani mwa walimu kwa miaka hamsini ni kazi isiyo na faida. Ziwekewe mipaka ifuatayo:

(a) Mada ni jambo linalozungumzwa. Hutajwa kwa neno au kifungu: umaskini, safari, mapenzi, uongozi. Mwanafunzi aliyejibu "umaskini" ametaja mada, na apewe alama ya mada.

(b) Dhamira ni wazo ambalo maneno ya shairi au wimbo mzima yanalijenga juu ya mada. Lazima isemwe kwa sentensi kamili ambayo mtu mwingine anaweza kuipinga kwa kuonyesha mshororo. Kisichoweza kupingwa kwa maneno ya shairi si dhamira.

(c) Ujumbe ni kile ambacho msikilizaji fulani, mahali fulani, anakichukua kama wasia, onyo au kijembe. Tunapoutaja tutaje na mpokeaji wake.

(d) Nia ya mtunzi iitwe kwa jina lake, yaani nia au kusudi, na isitajwe bila ushahidi wa nje ya shairi.

(e) Msemaji ni yule anayezungumza ndani ya shairi. Asichukuliwe kuwa ni mtunzi mpaka ithibitike. Baadhi ya wataalamu humwita nafsineni, nalo ni neno zuri kwa walio vyuoni.

(f) Maudhui libaki kuwa jina la jumla la yote yasemwayo na kazi, na lisitumiwe mahali pa dhamira.

Itapingwa kwamba mwalimu wa sekondari ana vipindi vichache na wanafunzi wengi, na kwamba kumwongezea mipaka ni kumwongezea mzigo. Jibu ni kwamba mzigo anao tayari: anasahihisha majibu matatu ya maswali matatu kwa kalamu moja na hajui ayalinganishe vipi. Akiwauliza wanafunzi, "Shairi linazungumzia nini? Linasema nini juu ya hilo? Wewe unachukua nini?", atakuwa amekwisha fundisha mada, dhamira na ujumbe, hata kabla ya kuyaandika maneno hayo ubaoni. Na yule mwanafunzi aliyezoea kuandika "mtunzi anataka kutuambia" atajifunza kuuliza swali gumu na la haki zaidi: maneno haya, yalivyopangwa hivi, yanasema nini?

Fasili hizi zinawekwa mbele ya walimu, wafasiri na maofisa ili zijaribiwe juu ya mashairi na nyimbo wanazokutana nazo kazini. Pale zitakapobana pasipostahili, zilegezwe. Pale zitakapovuja, zizibwe. Suluhu haipatikani kwa upande mmoja kuandika na upande wa pili kupokea.